Barua ya wazi kwa Kamishna wa Bima: jeraha la sentimita mbili

Mheshimiwa Kamishna wa Bima wa jimbo letu,

Salamu kwako na kwa wasaidizi wako. Nakuandikia kwa Kiswahili makusudi. Chini ya kila barua itokayo ofisini kwako pameandikwa, kwa lugha nyingi na yangu ikiwemo, kwamba mkalimani ni bure. Basi leo mwite.

Jumatatu nimepokea barua ya wakusanya madeni. Wanadai dola 1,940 kwa sababu mwanangu alijigonga kwenye kona ya meza, akapasuka juu ya nyusi. Daktari, kijana mpole ambaye simlaumu hata kidogo, alisafisha jeraha, akachoma ganzi, akashona nyuzi nne, tukaruhusiwa usiku uleule. Maandishi yake niliyaomba na ninayo: sentimita 2, tabaka moja.

Sasa tazama bili. Hapa Marekani jeraha hulipiwa kwa namba, na namba hufuata mahali lilipo, urefu na kina chake. Jeraha jepesi la uso lisilozidi sentimita 2.5 ni 12011. Likishonwa kwa tabaka, ndani kwanza kisha juu, linakuwa 12051 na bei inapanda. Bili yangu inasema 12051. Imeongezwa na 99284, daraja la nne kati ya matano ya uzito wa huduma katika idara ya dharura, kwa mtoto aliyekuwa akililia juisi!

Naamini aliyejaza namba hizo hakufungua maandishi ya daktari. Pengine kompyuta hupendekeza iliyo ghali, naye akabofya tu. Pengine yuko mkubwa anayetazama mapato kila mwisho wa mwezi. Lakini tabaka la pili halikushonwa, Mheshimiwa. Mimi ndiye niliyemshika kichwa.

Hospitali ilinituma kwa bima. Bima ikasema imefuata namba iliyoletewa, na kwa kuwa sijafikisha kile kiwango cha mwaka ninachotakiwa kulipa mwenyewe, deni ni langu. Ofisi yako ikanijibu, kwa adabu kubwa, kwamba bima ya kazini kwetu inagharamiwa na mwajiri mwenyewe kwa fedha zake, hivyo iko chini ya sheria ya shirikisho ya mwaka 1974, si chini yako. Ahsante kwa somo la historia. Na ile sheria ya bili za kushtukiza iliyoanza Januari 2022, uliyotusifia sana? Inanikinga na daktari wa dharura asiye na mkataba na bima yangu. Huyu wetu alikuwa nao. Namba iliyopandishwa daraja, sheria hiyo haiigusi.

Wakati wa kampeni ulikuja ukumbini mwa kanisa letu. Ulikula sambusa zetu, ukasema hakuna familia itakayoachwa peke yake na bili. Watu walipiga makofi. Mimi nilipiga vigelegele.

Nafanya kazi ghalani zamu ya usiku. Kodi ya nyumba imepanda, mdogo wangu kule nyumbani anangoja ada, na hawa wa madeni wanapiga simu asubuhi nikiwa ndiyo kwanza nafumba macho. Juzi mwanangu alianguka na baiskeli akalificha goti lake hadi nilipoona damu kwenye soksi. Miaka sita, na tayari anajua kuwa kuumia ni gharama.

Nilipoanza barua hii nilitaka kudai ukaguzi wa bili zote za majeraha ya uso katika jimbo zima. Nilitaka faini, nilitaka na sheria mpya. Nimeyaacha. Naomba mtu mmoja wa ofisi yako ainue simu, hata kama sheria haimlazimishi, awaambie wale wa hospitali wasome maandishi ya daktari wao wenyewe na waandike 12011. Wakati wanasoma, simu za asubuhi zisimame.

Simu moja, Mheshimiwa. Namba ya malalamiko yangu mnayo, mlinipa wenyewe.

Wako mtiifu, bado,
Mama wa mtoto