Hilo neno lako "nimeshazoea"

Ndugu yangu Hamadi,

Salamu kwako, kwa mama watoto na kwa huyo mgeni mdogo. Huku wote wazima, ila goti la Mzee Athumani bado linamsumbua na hataki hata kusikia habari za daktari. Hayo tutayaongea siku nyingine.

Naandika kwa sababu ya simu yako ya Jumapili. Ulinisimulia ule upepo wa ubavuni uliowayumbisha ukiitua ndege yako, tukacheka, tukahamia mengine. Haikupita robo saa ukaanza kunisimulia tena, kutoka mwanzo, kwa maneno yale yale. Sikukukatiza. Nikakuuliza umelala lini, ukahesabu, ukapotea, ukahesabu upya, halafu ukasema: "Usijali, nimeshazoea." Tangu hapo neno hilo limenikaa rohoni.

Hamadi, usingizi hauzoeleki. Unachozoea ni kutousikia tu. Unakumbuka nilipokuwa zamu ya nne ya usiku mfululizo, nikihudumia ndege? Nilifunga kifuniko cha injini, nikasaini, nikanawa mikono, najiona mzima kabisa. Mwenzangu aliyekuja kunipokea akaniuliza kurunzi yangu iko wapi. Tulifungua. Ilikuwa ndani, inawaka. Ungeniuliza dakika tano kabla, ningekuapia kwamba sijachoka. Hicho ndicho kinachonitisha: anayeulizwa kama amechoka ndiye ambaye uchovu umeshamharibia kipimo.

Watafiti walilipima jambo hili mwaka 1997: mtu akikaa macho saa 17, utendaji wake unashuka kama wa mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Wewe hujawahi kuonja pombe, na rubani mwenzako akija kazini ananuka ungemzuia asipande. Sasa ihesabu tena Jumapili ile, polepole. Uliamka saa ngapi, na ulitua saa ngapi?

Halafu ukasema mtoto hakuachii upate hata lepe la usingizi mchana. Nikaikumbuka ile ndege ya Batik Air ya Indonesia, Januari 2024, ikitoka Kendari kwenda Jakarta. Nahodha alipumzika kwa makubaliano, msaidizi wake akabaki na ndege. Huyo msaidizi alikuwa na mapacha wa mwezi mmoja nyumbani. Naye usingizi ukamchukua. Dakika 28, abiria 153, waongoza ndege wanaita na hakuna anayejibu. Mungu aliwanusuru, wakaamka, wakairudisha ndege kwenye njia yake na kutua salama. Wako waliowaita wazembe. Mimi nilimwona baba aliyembeba mtoto begani usiku kucha, kisha akavaa sare akaenda kazini. Nilikuona wewe.

Na kuamka nako peke yake hakutoshi. Mangalore, India, Mei 2010, kinasa sauti cha chumba cha marubani kilimnasa nahodha akikoroma sehemu kubwa ya safari. Aliamka kabla ya kutua, lakini akili ilikuwa bado kwenye mang'amung'amu. Ndege ilikuwa juu mno, msaidizi akamwambia waghairi kutua, akarudia, akarudia tena, naye akaendelea. Ndege ikaanguka, wakafa watu 158. Ilikuwa alfajiri, mwisho mwisho wa zile saa ambazo mwili unajizima wenyewe, kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Nimeiangalia ratiba uliyonitumia. Wiki nzima unatua humo humo.

Najua utakachonijibu. Ratiba hupangi wewe. Anayesema amechoka anaandikwa mvivu, na yaliyomkuta Salehe sote tuliyaona, wala sijayasamehe. Nakasirika nikifikiria kwamba saa za kazi zinaweza kuwa ndani ya sheria kwenye karatasi huku mtu aliyeko kitini hana usingizi wa siku mbili. Lakini fomu ya taarifa ya uchovu ipo, na nakuomba uijaze kabla ya safari, si baada ya jambo kutokea. Kama ni maneno yanayokusumbua, nitumie tuyaandike pamoja. Na kama kanuni za kwenu zinaruhusu kulala kitini kwa zamu, mwambie mwenzako mapema, msisubiri kope zianguke. NASA, shirika la anga la Marekani, waliwapa marubani dakika 40 za kupumzika hivyo, wakalala wastani wa dakika 26, na umakini wao ukaongezeka waziwazi. Ila hiyo ni ya kukuvusha tu. Haiwezi kulipa deni la wiki nzima.

Laiti ningekuwa karibu ningekuja kumbeba huyo mtoto mwenyewe, wewe ulale mchana kutwa.

Hebu niambie: safari ya Ijumaa usiku bado imo? Ukiiangalia fomu ile mkono unasita kwa sababu ya Salehe, au kuna jambo jingine hujaniambia? Rubani msaidizi unayeruka naye anaweza kukwambia "ghairi kutua" nawe ukamsikia? Dada yake mama watoto hawezi kuja japo wiki mbili? Na ule upepo wa ubavuni, ulinisimulia mara mbili, je, unakumbuka?

Usinijibu leo. Lala kwanza, ndipo unipigie.

Wako,
Rajabu