Ukumbi wa mtaa: hela ya ramani inakwenda wapi

Juzi tena, mweka hazina wa kamati moja ya ujenzi ametuambia usoni, sisi wachora ramani za majengo, kwamba tumewala. Hela yote ile kwa karatasi kumi na mbili! Fundi wake angewachorea kwenye daftari, kwa soda.

Mzee wetu, karatasi ndiyo kazi ya mwisho. Kabla yake tunachimba mashimo kiwanjani tuone udongo. Ukikuta mfinanzi mweusi, ujue masika unavimba, kiangazi unanywea, na msingi wa kubahatisha utapasuka nao. Kisha tunapita nyumba za jirani kuuliza maji huwa yanafika wapi. Kwenye bonde la Msimbazi, mafuriko ya Desemba 2011 yaliwatoa watu Jangwani hadi Mabwepande. Waliobaki kando ya bonde wanakuonyesha alama ukutani kwa kidole. Sakafu yetu inaanzia juu ya kidole hicho.

Kamati nyingine iliazima ramani ya ukumbi wa Dodoma, bure, yenye paa la kuficha, lile linalozungukwa na ukuta lisionekane. Inapendeza pichani. Masika ya kwanza majani ya mwarobaini yakaziba mfereji wa ndani, maji yakashukia dari, na akina mama wa vikoba wakafanya mkutano wakiwa wamesimama. Tukaitwa. Tuliezua, tukapaua upya kwa mteremko mkali, bati likatokeza nje ya ukuta karibu mita nzima. Gharama ilipita mara tatu ya ile ramani waliyoikimbia kwetu.

Na choo! Pale pale shimo lilikuwa nyuma, limebanwa na nyumba za watu, mpira wa gari la majitaka haufiki. Lilipojaa, choo kikapigwa kufuli, na ukumbi usio na choo haukodishwi hata kwa kipaimara. Sisi shimo tunaliweka upande wa njia, hata likiharibu sura ya mbele. Wanaotucheka kwa hilo tumewazoea.

Kama mfuko ni mdogo, semeni mapema. Vigae, rangi, hata dari vinaweza kusubiri. Tunaweza kujenga nusu ukumbi na kuacha nondo za kuendelezea. Msingi na paa hatupunguzi, wala bei ya kuvichora.

Jumamosi saa mbili tuko kiwanjani, mzee. Njoo na fundi wako na daftari lake, jembe tunalo.