Sahani za mapambo zinabanduliwa na chokaa

Mhariri,

Wanaonunua sahani za udongo za kutundika ukutani hapa Bagamoyo wana lalamiko moja. Sahani inafika nyumbani nzima, kisha baada ya wiki mbili tatu uso unaanza kubanduka, na kila palipobanduka pana kipunje cheupe. Muuzaji atasema imegongwa. Haikugongwa, hiyo ni chokaa.

Udongo unaochimbwa karibu na bahari mara nyingi una chenga za matumbawe na makombe. Moto ukipita nyuzi 800 hivi za Selsiasi, chenga hizo huwa chokaa isiyozimwa, yaani ambayo bado haijakutana na maji. Sahani ikitoka motoni, chokaa hiyo hunyonya unyevu wa hewa, na pwani unyevu haukosekani. Huvimba polepole na kuusukuma udongo ulio juu yake. Ndiyo maana sahani iliyochomwa kwa moto hafifu huweza kubaki salama na iliyoiva vizuri ikabanduka, jambo linalowafanya wengi walaumu kuni.

Dawa ni kabla ya kufinyanga. Chukua donge kavu, lidondoshee siki. Likitoa povu, loweka udongo wote hadi uwe uji, uchuje kwa chekeche la unga, halafu uanike juu ya kitambaa mpaka ushikike. Kuokota chenga kwa mkono hakutoshi, kwani hata kipunje cha milimita moja hubandua uso. Na wale wanaochanganya vigae vilivyosagwa, kwa kawaida kipimo kimoja kwa vitano vya udongo, wasisage sahani zilizobanduka. Watakuwa wanairudisha chokaa ileile.

Zilizokwisha kuchomwa zitumbukizwe majini mara tu zinapopoa kiasi cha kushikika, zilale humo usiku kucha. Chokaa huzimika kwa mpigo na kulainika. Kwa chenga kubwa njia hii haiaminiki sana. Vanishi ndiyo haifai kabisa: huchelewesha unyevu mpaka sahani iwe imeshauzwa.

Ufa wa ukingoni ni shauri jingine. Ukingo umekauka kabla ya kitako. Ufunikwe nailoni, sahani ikaushwe kivulini mbali na upepo.

Wapo wanaouliza mbona mabakuli ya Kichina yaliyopachikwa zamani kwenye makaburi ya Kaole, magofu ya kale karibu na hapa Bagamoyo, hayakubanduka. Hayalinganishwi. Kauri ile ilichomwa kwa zaidi ya nyuzi 1,200 na hainywi maji.

Tunaomba wauzaji wazikalishe sahani wiki tatu baada ya kuchomwa, ndipo wazitoe dukani. Zenye chokaa zitajitoa zenyewe. Zilizopakwa rangi ya mafuta au vanishi ziandikwe "pambo" kwenye kitako, maana wageni wanazipakulia achari na kachumbari ya ndimu, na rangi hizo hazikutengenezwa kwa chakula.

Wafinyanzi,
Bagamoyo