YAH: Kufunga Muhula, na Mradi wa Historia wa Darasa la Sita

Ndugu wazazi na walezi,

Assalaam aleykum. Tumsifu Yesu Kristo.

Tumefunga muhula salama. Ripoti wanazo watoto, na tarehe ya kufungua shule imeandikwa humo.

Kwanza niwape la kufurahisha. Kabla muhula haujaanza, walimu wa Historia, Hisabati, Jiografia na Kiswahili walikaa meza moja wakakubaliana kuwapa Darasa la Sita swali moja: msafara wa biashara wa zamani uliotoka Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, ulifikaje hapa kwetu Bagamoyo? Njia ile ni kama kilomita 1,200. Kwenye Hisabati watoto waligawa kwa mwendo wa kilomita 16 kwa siku, wakapata siku 75. Kwenye Historia wakasikia kuwa safari iliweza kuchukua miezi mitatu, hata zaidi. Sasa hizo siku nyingine zilikwenda wapi? Hapo ikaingia Jiografia, na masika na mito iliyofurika. Wakajifunza pia habari za hongo, yaani ushuru wa kupita, kwamba msafara ulisimama siku kadhaa ukijadiliana na mtemi kabla ya kuruhusiwa kupita katika nchi yake. Sijapata kuona darasa likibishana hivyo juu ya swali la kugawanya.

Halafu wakapima mchanga frasila moja, yaani kama kilo 16, nusu tu ya mzigo wa kawaida wa mpagazi. Kijana mmoja, mkubwa kuliko wenzake, aliubeba begani akazunguka uwanja mara moja, akautua chini ya mwembe na kukaa kimya. Kwenye insha yake ya Kiswahili aliandika: "Bega limeniuma, na mimi nilikuwa nimeshakunywa uji." Insha ile nimeibandika ofisini kwangu. Karibuni muisome.

Mchango wa chakula: wasiomaliza wamalize kabla ya kufungua.

Sasa lililoniumiza. Siku ya ziara ya magofu ya Kaole, wanafunzi watatu waliwakimbia wenzao wakachora majina yao kwa msumari kwenye ukuta wa msikiti wa kale. Msikiti ule ni wa karne ya 13. Mawe yake ya matumbawe na chokaa yake vimestahimili upepo wa chumvi zaidi ya miaka 700, na sisi tumeukwaruza asubuhi moja. Nilisimama mbele ya mlinzi nikaomba radhi, mtu mzima, sina pa kuweka uso. Magofu yale yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Angetaka kutufikisha mbali angetufikisha.

Nilipowaita wazazi, mmoja aliniambia, "Mwalimu, si ukuta mbovu tu?" Hapana, mzazi mwenzangu. Pale pana msikiti na makaburi ya watu. Mtoto akisikia neno hilo nyumbani, sisi shuleni tutamfundisha nini akatusikiliza? Jumamosi ya kwanza baada ya kufungua, watoto hao watatu watakwenda nami Kaole, kila mmoja na mzazi wake, kuomba radhi na kufagia uwanja. Asiyefuatana na mzazi hatakwenda ziara nyingine mwaka huu, na hilo sitalijadili mlangoni kwa ofisi.

Muhula ujao watoto watawahoji wazee: waliochemsha chumvi, waliounda majahazi, waliosuka mikeka. Mara iliyopita nilipokea mahojiano saba yenye mwandiko wa baba au mama. Tafadhali, muacheni mtoto aulize mwenyewe na aandike mwenyewe, hata akikosea herufi. Maneno ya mzee ayaandike kama yalivyotamkwa, asiyapambe.

Na wale wanaowabakiza watoto nyumbani kila samaki wanapojaa pwani, mnajijua. Mahojiano hufanywa kwa makundi. Mtoto mmoja akikosa, wenzake watatu wanakwama.

Mwenye mzee nyumbani aliye tayari kuzungumza na watoto amwone mwalimu wa Historia wiki ya kwanza ya muhula. Tutamfuata alipo, wala asihangaike kuja.

Wenu katika malezi,
Mwalimu Mkuu