Sarafu ya kale haioshwi kwa ndimu

Mhariri,

Mimi ni fundi wa saa hapa Langoni, Lamu, na ni zaidi ya miaka thelathini sasa nakusanya sarafu. Naandika nikiwa na hasira. Hasira zangu hupoa upesi, ndiyo maana nimekaa kuandika usiku huu huu.

Leo baada ya alasiri nilikuwa nimeketi forodhani. Kijana mmoja, mtoto wa jirani yangu, alikuwa akimwonyesha mgeni senti kumi ya zamani, ile yenye tundu katikati. Inang'aa kama sufuria iliyotoka dukani. Nikamwita: "Mwanangu, umeifanya nini hii?" Akanijibu kwa fahari, "Nimeisugua kwa ndimu na mchanga, mzee. Ilikuwa chafu." Mgeni alikwisha kutoa mia tano. Nikaomba niitie machoni kabla haijaondoka, nikachomoa kile kioo changu cha jichoni, na nusura nilie. Ilikuwa ya 1936, na kuzunguka tundu, kwa taabu, bado yasomeka maneno EDWARDVS VIII.

Kwa asiyejua: huyu Edward wa 8 alikalia kiti cha Uingereza chini ya mwaka mmoja. Desemba 1936 akaacha ufalme apate kumwoa mwanamke wa Kimarekani aliyekwisha kuachika. Pesa za kwao zenye sura yake hazikuwahi kutolewa kwa watu, maana ilibidi kwanza kichwa chake kichorwe, kikubaliwe, kikatwe kwenye chuma. Lakini senti zetu za tundu hazikuwa na kichwa cha mfalme yeyote. Zilikuwa na taji, jina, na pembe za ndovu upande wa pili. Jina halihitaji kuchorwa. Basi zikapigwa, zikapakiwa, zikaletwa. Mfalme ambaye Waingereza wenyewe hawakumshika mkononi, mabibi wa hapa Amu walimnunulia samaki.

Si sarafu adimu, nisije nikawadanganya watu. Zilipigwa nyingi, na mkusanyaji wa nje aweza kuipata kwa bei ya vikombe viwili vitatu vya kahawa. Kwa hiyo mgeni hakuibiwa sana, wala kijana hakutajirika. Kilichoniuma ni kwamba ile iliyokuwa nzuri imeharibiwa, na nilipomuuliza kijana ameitoa wapi, alipandisha mabega. "Iko tu nyumbani."

Ndimu ni asidi. Haiishii kwenye uchafu, inakula shaba yenyewe, na mchanga unamalizia kwa kuchimba mistari. Ule weusi au udhurungi ulio juu ya shaba ya kale ni ngozi, imejijenga miaka na miaka kwa shaba kukutana na hewa, na hiyo ngozi ndiyo inayoikinga isiliwe zaidi. Ukiibandua, umeiacha uchi katika upepo huu wetu wa chumvi. Na mnunuzi ajuaye kazi yake huitambua sarafu iliyosuguliwa kwa kutupia jicho mara moja. Bei hushuka papo hapo.

Nayajua haya kwa sababu niliyafanya. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na kopo la maziwa ya unga lililojaa pesa za kale, analiweka kwenye kidaka cha ndani. "Hizi si za kutezea," aliniambia. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nikaenda kuzitezea. Mle ndani mlikuwa na pesa moja ya shaba ya Sultani Barghash wa Unguja, upande mmoja maandishi, upande wa pili mizani na mwaka wa hijria. Nilitaka kumfurahisha bibi. Nikachukua dawa ya kung'arishia masinia, nikasugua mpaka mkono ukauma. Ikawa nyekundu kama kamba aliyechemshwa. Pesa za namna hiyo ziko za 1299 na ziko za 1304, na hii yangu mpaka leo siwezi kuapa ni ipi, maana tarakimu za mwisho nilizila mimi kwa kitambaa. Bibi aliigeuza geuza kiganjani, akasema neno moja: "Umeinyoa."

Ninayo bado. Siiuzi, na hakuna atakayeinunua.

Sasa lile la "iko tu nyumbani," ambalo kwangu ni baya kuliko ndimu. Ukisimama forodhani waiona Manda ng'ambo. Mwaka 2013 watafiti waliokuwa wakichimba huko, wakiongozwa na Profesa Chapurukha Kusimba, mwenzetu wa Kenya, walitangaza kuwa wamepata sarafu ya Kichina yenye tundu la mraba, ya mfalme Yongle aliyetawala kuanzia 1402 hadi 1424, zama zile merikebu za Zheng He, amiri wa Kichina, zilipokuwa zikivuka bahari kuja pande hizi. Nyingine ya mfalme huyo huyo ilikwisha kupatikana Mambrui, karibu na Malindi. Habari ikazunguka dunia. Nenda lakini kwenye soko la vitu vya kale huko Asia: sarafu za Yongle zimejaa, hazina bei. Ile ya Manda ilipata sauti kwa sababu ilitoka ardhini mbele ya watu wanaoandika, wakajua imetoka shimo gani. Angeiokota mtu akaitia mfukoni, ingekuwa leo kipande cha chuma chenye tundu.

Au chukua kisa cha askari mmoja wa Australia, Maurie Isenberg. Mwaka 1944 aliokota sarafu mchangani katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yao. Akazitia kopo, na miaka mingi ikapita. Mwaka 1979 ndipo alipozituma zitambuliwe: nne za Kiholanzi, na tano ni za Kilwa! Shaba za masultani wa Kilwa, zimefika Australia, na hakuna mpaka leo aliyeeleza zilifikaje. Bwana huyo hakuwa mtaalamu wa lolote katika mambo hayo. Lakini alikuwa ameweka alama ya msalaba kwenye ramani, mahali pale alipoziokotea. Bila ule msalaba nani angemsadiki?

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Walikuwa wakisema ya duka, lakini mimi neno hilo nimelibandika ndani ya jalada la daftari langu la sarafu. Kila sarafu ina namba, na kila namba ina mistari yake. Nawanukulia moja: "Na. 112. Rupia ya India, 1862, fedha. Gramu 11.41 kwa mizani ya sonara. Malkia Victoria. Imetobolewa karibu na ukingo, ilikuwa kidani. Nimepewa na mama mmoja wa Mkomani, aliirithi kwa mamake, naye aliivaa siku ya harusi." Rupia nzima ingekuwa gramu 11.66, kwa hiyo hata tundu na kuchakaa vimo katika hesabu. Na ule mwaka wenyewe si wa kuaminiwa sana: India iliendelea kupiga rupia zenye tarehe ya 1862 mpaka 1874, ikibadilisha vinukta vidogo tu upande wa nyuma. Nilihesabu vinukta usiku mzima kwa taa ya mezani. Mke wangu alidhani natengeneza saa.

Wakusanyaji wa dunia nzima hutumia namba za katalogi ya Krause, zinazoanza na herufi KM, na mimi huziandika pembeni nikizipata. Namba hiyo humwambia mtu aliye Japani ni sarafu gani unayo. Haimwambii habari za yule mama wa Mkomani. Hizo ni lazima uandike wewe, na uandike akiwa hai.

Katika jambo hili watoto wetu wana bahati wasiyoijua. Nimeona mgeni, msomi kabisa, ameishika pesa ya Barghash juu chini, ananiuliza ile ni nakshi gani. Mtoto wa chuo cha Kurani wa miaka tisa huisoma ١٢٩٩ (1299) bila kukohoa, na akiambiwa kwamba ni 1882 hivi kwa hesabu ya kizungu, amekwisha kumpita yule msomi.

Lipo jingine linalowasumbua wauzaji na wauziwa. Reale ya Sham, ile fedha kubwa yenye mwanamke mnene wa Kizungu, imeandikwa 1780, na kila anayeiona hukata shauri kuwa ina miaka zaidi ya mia mbili. Huyo ni Maria Theresa wa Austria, aliyekufa mwaka huo huo wa 1780. Wafanyabiashara wa Uarabuni na Uhabeshi waliizoea sura yake hata wakawa hawataki nyingine, basi ikaendelea kupigwa kwa tarehe ile ile, Vienna, na baadaye hata Roma, London na Bombay katika karne ya 20. Yako huenda ni rika la babako. Ikiwa ya kweli itakuwa na gramu 28 na ushei, na ukingoni imezungushiwa maneno ya Kilatini. Masonara wetu waliziyeyusha kwa vikapu kufanya vikuku na mitali, sina ugomvi nao, fedha ni fedha. Hata neno lenyewe la pesa nyingi tumelitoa kwenye hiyo madini. Ila waliosalia nazo wazipime kabla ya kuuziana hadithi.

Kuhusu kuziweka, hapa pwani adui ni unyevu. Miaka ya nyuma nilinunua Mombasa albamu nzuri ya plastiki laini, ile inayonuka kama pazia jipya la bafuni. Masika moja tu, sarafu arubaini zikatoka na ute wa kijani. Plastiki ile hutoa mvuke unaoila shaba. Niliziokoa kwa asetoni safi, si ile ya kucha yenye manukato na mafuta, dirisha wazi na jiko limezimwa. Siku hizi natumia vipande vya karatasi ngumu vyenye kidirisha, ndani ya kopo la biskuti linalofunga vizuri, pamoja na vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja kwenye visanduku vya viatu. Sarafu yenye mchanga nailaza kwenye maji yaliyotoneshwa, haya wanayoyaita maji ya betri (maji, si asidi, tafadhali), nabadilisha kila siku, kisha naikausha kwa kuibonyeza na kitambaa laini. Kuibonyeza. Nikiona unga wa kijani kilichopauka unaochomoza tena na tena, najua chumvi imeingia ndani, na hiyo naitenga na wenzake kama mgonjwa.

Neno la kuonya: magofu yasiguswe. Takwa, Shanga, Pate, Siyu, kila baada ya mvua kubwa kitu huchomoza, na watu huenda kuokotea hapo. Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 inataka kitu cha namna hiyo kiripotiwe, na cha kale hakitolewi nchini bila kibali. Mimi ninazo sarafu za makasha na makopo, sina hata moja ya kifusi. Ukiiona ya kifusi, iache ilipo, piga picha, uende makumbusho pale mbele ya maji uwaambie.

Anayetaka kuanza aanze na chenji ya dukani. Kenya ilitoa shilingi zake za kwanza 1966 zikiwa na kichwa cha Mzee Jomo, na tangu Desemba 2018 tumetoka kwenye vichwa vya marais tumekwenda kwa twiga, kifaru, simba na ndovu, kwa sababu Katiba ya 2010 imekataza sura ya mtu yeyote. Historia nzima ya siasa zetu waweza kuipanga mezani kwa chini ya shilingi mia mbili, na wajukuu wanaolipa kila kitu kwa simu hawatakuwa nayo tena.

Ombi langu kwako, Mhariri: ukurasa wa Jumamosi una nafasi ya mafumbo. Toa pembe ndogo tu, mara moja kwa mwezi, wasomaji walete picha ya sarafu ya nyumbani na mistari miwili ya ilikotoka. Mimi nitajitolea kuzitambua bure nizijuazo.

Nami nina yangu ya kutafuta. Mwaka 1907 na 1908 serikali ya wakati huo ilileta huku senti za alumini. Joto, chumvi na jasho la mikono vilizishambulia, na mwaka 1909 tayari zilikuwa zikipigwa za shaba na nikeli. Senti moja ninayo, imeliwa kama biskuti. Nusu senti ya 1908 sijapata kuishika inayosomeka. Kama yupo msomaji, Amu, Pate, Faza au hata Malindi, ambaye kopo la bibi yake linayo, sitaki kuinunua. Naomba aniruhusu niipime, niiandike, kisha airudishe kwake. Asiioshe tu kabla ya kuja.

Fundi Saa,
Langoni, Lamu