Kila shabiki na mwaka wake

Oakland, California

Kwako somo,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Sisi huku hatujambo, ukungu wa asubuhi tu ndio unatusumbua. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza kwenye treni, nikacheka peke yangu mpaka jirani yangu akahama kiti. Unasema umewasikiliza Grateful Dead, bendi ya roki ya huku California, saa nzima ukingoja wimbo uanze, kumbe ulikuwa umeshaanza, ukaisha, na mwingine ukaingia. Na unataka kujua kwa nini watu wawili uliowauliza wamekupa majibu yanayogongana, mmoja akikwambia usikilize mwaka 1977 basi, mwingine akiapa kwamba kilichopigwa baada ya 1974 ni kelele tupu.

Umetia mguu kwenye ugomvi wa watu, ndugu yangu, na ugomvi wenyewe umetuzidi umri sote wawili.

Kwanza ujue wanachogombania. Mashabiki wa bendi nyingine hubishana albamu ipi ni bora. Hawa albamu hawazijali sana, wao hubishana juu ya usiku gani. Bendi ilianza mwaka 1965 Palo Alto, si mbali na hapa nilipo, ikafa 1995 alipofariki mpiga solo wao Jerry Garcia, na kati ya hapo ilipiga shoo zaidi ya 2,300. Hakuna usiku uliofanana na mwingine. Wimbo uliopigwa jana, leo unaachwa, na ukirudi baadaye umeshanenepa dakika kumi. Na sehemu kubwa ya shoo hizo imerekodiwa. Owsley Stanley, fundi mitambo wao wa miaka ya mwanzo, yuleyule aliyekuwa akitengeneza dawa ya kulevya ya LSD iliyolewesha nusu ya San Francisco, alikuwa na mazoea ya kurekodi shoo ili asikilize kazi yake na kujisahihisha. Mashabiki nao wakawa wanaingiza vinasa sauti kwa kificho. Bendi badala ya kuwafukuza ikaishia kuwatengea mahali pao nyuma ya meza ya mitambo, rasmi kabisa, kuanzia Oktoba 1984. Kanda unabadilishana na mwenzio, lakini kuuza marufuku.

Basi chukua watu wenye marundo ya kanda ndani, kila mmoja ana usiku wake anaouabudu, halafu uwaambie wakubaliane. Wapi! Wanatajiana tarehe kama masheikh wanavyotajiana aya. Na hapo uwe macho: Wamarekani hutanguliza mwezi, kwa hiyo ukiona 5/8/77 si tarehe 5 Agosti, ni tarehe 8 Mei. Usije ukashusha faili la usiku mwingine kabisa ukaja kunilaumu mimi.

Ghalani ninakofanya kazi tuna mzee mmoja aliyewafuata miaka ya themanini, mji hadi mji, akilala kwenye gari. Tuna na kijana aliyewajua juzi tu kupitia John Mayer, mpiga gitaa aliyejiunga na wenzake Garcia waliobaki. Wakati wa chakula cha mchana nafasi yangu ni katikati yao. Mzee akisema bendi ilikufa na Garcia, kijana humuuliza mbona basi yeye mwenyewe alikwenda Golden Gate Park, San Francisco, Agosti 2025, wale wa Mayer, yaani Dead & Company walipoadhimisha miaka 60. Mzee hujibu alikwenda kukutana na watu. Kijana husema na yeye alikwenda kwa ajili hiyohiyo. Wanakula kimya dakika mbili tatu, kisha wanaanza upya.

Nimewasikiliza hawa na wengine, nikajua wanagombania kitu kimoja tu hata kama kila mtu anakiita jina lake. Wako wanaotaka bendi inayojua inakokwenda, na wako wanaotaka bendi iliyo tayari kupotea njia mbele ya watu waliolipa kiingilio. Grateful Dead walikuwa zote mbili kwa zamu, ndiyo maana kila kundi lina ushahidi wake.

Kundi la kwanza ni la 1968 na 1969. Hawa wanampenda Pigpen, Ron McKernan kwa jina lake, mpiga kinanda na mwimba bluzi aliyefariki Machi 1973 akiwa na miaka 27 tu. Kwao bendi halisi ni ile ya muziki wa kulewesha kichwa. Kuna kibao chao kinaitwa Dark Star. Kilipotoka kwenye santuri mwaka 1968 hakikufika dakika tatu. Walipokipiga Fillmore West, San Francisco, Februari 1969, kikaenda dakika 23, na hiyo ndiyo waliyoitia kwenye albamu ya Live/Dead. Ukiwapinga hawa watakusikilizisha hiyo. Ni ushahidi mzito, sikatai.

Mimi niko kundi la 1972 mpaka 1974, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wewe ni mtu wa mitambo na magitaa. Miaka hiyo walikuwa na mpiga dramu mmoja, Bill Kreutzmann. Wa pili, Mickey Hart, alijiengua Februari 1971 kwa aibu, maana baba yake ndiye aliyekuwa meneja wao na alitoroka na pesa za bendi. Walipobaki na dramu moja, muziki ukapata hewa, ukawa unageuka kona ghafla kama watu wa jazi. Sikiliza besi ya Phil Lesh. Haikai chini kushika mlango, inazurura na kujibizana na solo. Yule bwana alisomea tarumbeta na utunzi wa muziki, alipita hata darasa la Luciano Berio palepale Mills College hapa Oakland, na besi aliishika baada ya kuitwa kwenye bendi. Bob Weir kwenye gitaa la ridhimu naye harudii kodi zilezile, yaani noti zinazopigwa kwa pamoja. Anadondoa vipande vidogovidogo, na mwenyewe amesema alijifunza kwa kusikiliza mkono wa kushoto wa mpiga piano McCoy Tyner. Juu yao yuko Garcia, ambaye kidole cha kati cha mkono wa kulia kilikatika kwa shoka akiwa mtoto.

Wewe masikio yako yamelelewa na sebene, na ndiyo maana ulichoka. Kwenye sebene unajua kodi zitarudi, magitaa yanasukana juu ya kodi hizo, na kiuno kinajua kazi yake. Hawa wakikolea wanaziacha kodi kabisa. Kuna dakika hakuna anayejua wako ufunguo gani, wao wenyewe wakiwemo, mpaka mmoja adondoshe noti mbili tatu na wote waikimbilie. Ukingoja irudi, utachoka. Ukiacha kungoja, ndipo utasikia wanachofanya.

Usiku wangu, kwa kweli ni mchana, ni Veneta, Oregon, tarehe 27 Agosti 1972. Walipiga shambani juani kukisaidia kiwanda cha maziwa cha familia ya mwandishi Ken Kesey kilichokuwa na shida ya pesa. Joto lilikuwa kali mno, nyuzi za magitaa zikawa zinalegea na wanasimama kila mara kuzirekebisha. Sauti za kuimba si safi hata kidogo. Lakini Dark Star ya siku ile, karibu nusu saa, inafika mahali panapotisha, halafu inatoka huko kwa taratibu na kutua kwenye wimbo mtamu wa kikantri. Mzee wa ghalani anasema napenda ile kwa sababu ya filamu iliyopigwa siku ile tu. Hajui kitu.

Na mwaka 1974, fundi, wangekuajiri. Walijenga ukuta wa spika zipatazo 600, mzigo wote ukiwa na tani kama 75, wakausimamisha nyuma yao badala ya pembeni, ili wanamuziki wasikie kilekile wanachosikia watu. Utauliza, na mlio wa mikrofoni zilizo mbele ya spika je? Kila mwimbaji alipewa mikrofoni mbili zilizofungwa pamoja, moja imegeuzwa waya, akawa anaimbia moja tu. Sauti ya ukuta inaingia zote mbili na kujifuta, ya mwimbaji inabaki. Kwenye kanda sauti za waimbaji za mwaka ule zimekonda kidogo kwa sababu hiyo, lakini besi! Gharama zikawashinda. Oktoba 1974 wakasitisha ziara, wakarudi barabarani 1976, Hart akiwa tena kwenye dramu zake.

Hapo ndipo linapoingia kundi la 1977, ambalo ni kubwa na lina kelele. Usiku wao mtukufu ni huo wa 8 Mei 1977, ukumbi wa Barton, Chuo Kikuu cha Cornell, jimbo la New York, nje theluji inaanguka katika mwezi wa Mei. Maktaba ya Bunge ya Marekani imeuingiza kwenye hazina yake ya rekodi za taifa. Bendi usiku ule inakwenda kama mashine iliyotiwa mafuta, dramu mbili zinapishana bila kugusana, kila kona wanaingia pamoja.

Mimi nasema kilichoshinda pale ni kanda. Aliyerekodi ni Betty Cantor-Jackson, sikio lake halina mfano, na mwaka 1986 rundo la kanda zake lilipigwa mnada kutoka kwenye stoo ambayo kodi yake haikulipwa. Wakati wengine wanabadilishana kanda zenye mvumo kama mashine ya kusaga, Cornell ikawa inazunguka safi kama imetoka studio. Watu wakaipenda kwa kuwa waliisikia vizuri. Wako mashabiki wa 1977 hao hao wanaoapa kwamba kesho yake, Buffalo, walipiga vizuri zaidi. Ukimwambia hivyo mtu wa Cornell, jitayarishe kuagana naye.

Kuna jambo moja linaniudhi katika mabishano haya yote: wanavyomsema Donna Jean Godchaux, mwimbaji wao wa kike wa miaka hiyo, kwamba alikuwa anapiga ukelele. Mwanamke huyu alikuwa mwimbaji wa studio Muscle Shoals, Alabama. Sauti yake imo kwenye vibao vya Percy Sledge na Elvis Presley. Studio unaimba na hedifoni masikioni. Jukwaani alisimama mbele ya kelele zile pasipo kujisikia mwenyewe, na alilisema hilo waziwazi. Wewe umeshawahi kumwona bibi mzima wa taarabu akitoka nje ya sauti kwa sababu spika ya jukwaani imekufa. Hukumlaumu yeye, ulikimbilia waya.

Miaka ya themanini nitaipita haraka, mzee wangu wa ghalani anisamehe. Brent Mydland aliingia kwenye kinanda 1979 na sauti ya kukwaruza, akafariki 1990, na wengi wamechelewa mno kumthamini. Garcia alikuwa amezama kwenye heroini, na Julai 1986 kisukari kikamlaza akapoteza fahamu siku kadhaa. Aliporudi, wakatoa Touch of Grey, 1987, kibao chao pekee kilichoingia kumi bora Marekani. Hapo viwanja vikafurika vijana ambao wale wa zamani waliwacheka kwa jina la kibao chenyewe. Hoja ya wale wa zamani ilikuwa kwamba wageni wamekuja kwa ajili ya sherehe ya maegeshoni, muziki hawausikii. Haikuwa wivu mtupu. Julai 1995 kule Deer Creek, Indiana, watu wasio na tiketi walibomoa uzio, shoo ya kesho yake ikafutwa. Tarehe 9 Agosti Garcia akafariki, miaka 53.

Kuhusu Dead & Company ya huyo Mayer, iliyoanza 2015, kijana wangu asikie au asisikie: Mayer anapiga vizuri kupita kiasi. Hakosei, kwa hiyo hapotei. Na mwendo wameupunguza mpaka nyimbo zinaburura miguu. Lakini nikiwaona vijana wa miaka ishirini wanaimba maneno yote, siwezi kusema bendi ile si halali. Lesh mwenyewe, aliyefariki Oktoba 2024, alitumia miaka yake ya uzeeni akipiga nyimbo zilezile na vijana wa kila aina.

Sasa nakujibu uanzie wapi, na ushauri wangu hautaungwa mkono na kundi lolote. Anza na Misri. Septemba 1978 walipiga usiku tatu mjini Giza, chini ya mapiramidi, usiku wa mwisho mwezi ukapatwa. Mashabiki wengi watakwambia ni shoo mbovu, na hawakosei sana: piano haikurekebishwa sauti, Kreutzmann alikuwa ameumia mkono akapiga kwa mmoja, na walijaribu kuvuta waya mpaka ndani ya piramidi kubwa ili chumba cha mfalme kiwapigie mwangwi, ikashindikana. Wewe sikiliza anapoingia Hamza El Din, Mnubi ambaye kijiji chake kilifunikwa na maji ya bwawa la Aswan. Anaanza na ngoma yake ya tari na waimbaji wenzake, makofi yanapishana, halafu Garcia anaingia kwa solo polepole sana, na wenzake wanamfuata mmoja mmoja. Makofi yale hayahitaji mtu wa kukueleza, umekua nayo. Kutoka hapo nenda Veneta, kisha Cornell, uone kama nimeionea.

Ukimaliza nirekodie maoni yako, usinifiche hata kama ni matusi. Nimeshamwambia yule mzee kwamba kuna fundi mitambo Tanga atakayetuamulia, na kila Jumatatu ananiuliza. Nisalimie shemeji na watoto, na mwambie mama mzigo wake nimeshautuma.

Ni mimi somo yako.