Shukrani kwa mama wa rozari, basi la Dodoma

Mama uliyekaa dirishani tulipotoka Dar es Salaam ile Ijumaa ya Kwaresima, jina lako sikuuliza, kwa hiyo nakushukuru hapa hapa.

Tumepita Chalinze, kijana wa kiti cha nyuma akakuuliza basi zima likisikia: "Mama, mbona nyie Wakatoliki mnamwabudu Maria?" Nikajua leo kumekucha, maana mijadala ya dini kwenye mabasi yetu tunaifahamu. Wewe ulibana punje ya rozari kwa kidole gumba usije ukapoteza ulipofikia, ukamgeukia. "Mwanangu, Biblia unayo?" Alikuwa nayo kwenye simu. Ukamsomesha mwenyewe Luka 1, mstari wa 28 na wa 42, maneno ya malaika na ya Elizabeti, ambayo ndiyo tunayaanzia Salamu Maria. Kuabudu ni kwa Mungu peke yake, ukamwambia. Maria tunamwomba atuombee, kama wewe unavyomwomba mchungaji wako.

Hukupandisha sauti hata mara moja. Tulipofika stendi ya Msamvu, Morogoro, yule kijana alinunua mishikaki, akakukaribisha. "Asante baba, leo Ijumaa, nyama sili," ukachukua ndizi, mkaendelea kucheka.

Mimi ni katekista, na sasa wanafunzi wangu wa Komunyo ya Kwanza wanafungua Luka wenyewe kabla sijaeleza chochote. Asante sana, mama. Ukisoma hapa, lile swali lake la toharani, yaani kutakaswa kwa roho baada ya kifo, ulilosema ni refu, mtamalizia Gairo, mimi usingizi ulinipitia. Ulimjibuje?